Betri kwenye buti, stata mpya, na gari bado linagoma: kisa cha Mark II yenye 1JZ

Mark II ya GX110 hutoka Japani na injini ya 1G-FE, lita 2.0. Hii iliyoletwa gereji Dar es Salaam ilikuwa imeshavalishwa 1JZ-GTE, lita 2.5 na turbo, na intakula kubwa, yaani kipoza hewa ya turbo, imefungwa mbele ya rejeta. Bomba la intakula lilitaka kupita pale pale betri ilipokuwa inakaa, hivyo waliofunga injini wakaihamishia betri kwenye buti. Wazo lenyewe halina ubaya. BMW 3 Series ya E46 ina betri kwenye buti tangu kiwandani, na Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, vilevile. Ubaya ulikuwa kwenye namna kazi ilivyofanywa, na zaidi kwenye kitu ambacho hakikufanywa kabisa.

Malalamiko yalikuwa haya. Asubuhi gari linawaka, lakini stata inazunguka kwa kujivuta. Mchana, likitoka kwenye foleni ya Barabara ya Mandela na kuzimwa kituo cha mafuta, halitaki tena: "tak" moja na kimya, au tak-tak-tak-tak mfululizo huku taa za dashibodi zikififia. Likiachwa lipoe nusu saa, linakubali. Kabla ya kufika kwangu lilikuwa limeshanunuliwa betri mpya, kisha stata. Stata ya zamani bado ilikuwa kwenye buti, imeviringishwa kwenye gazeti. Niliifunga mezani baadaye na ilikuwa nzima. Fundi mwingine alikuwa ameanza kuitaja alteneta, ndipo mwenye gari akasema basi, kwanza nijue ugonjwa.

Kubusti kulikowapoteza watu

Kilichowafanya wote waishikilie betri ni kwamba gari likigoma, ukilibusti kutoka gari jingine linawaka papo hapo. Hoja inaonekana haina pa kuvunjikia: umeme wa betri nyingine umeingia, gari limewaka, basi betri yake mbovu. Nilimwuliza mwenye gari waya za kubusti walikuwa wanazibana wapi.

"Mbele, fundi. Nyekundu kwenye ile nati ya boksi la fyuzi, nyeusi kwenye ndoano ya kunyanyulia injini. Nyuma kumejaa spika, nani ahangaike kufungua?"

Hapo picha ikaanza kueleweka. Waya mwekundu ukibanwa mbele, umeme unaruka mita tano na nusu za waya unaotoka kwenye buti. Mweusi ukibanwa kwenye injini, umeme unaruka athi yote ya gari, yaani njia ya hasi ya kurudia kwenye betri, na kurudi moja kwa moja kwenye betri ya msaada. Kwa maneno mengine, gari la pili halikuwa linaisaidia betri ya Mark II. Lilikuwa linaipa stata njia nyingine kabisa ya umeme kwenda na kurudi.

Tukarudia jaribio kwa kubana waya zote kwenye vichwa vya betri yenyewe, ndani ya buti, gari la msaada likiwa linaunguruma. Betri mbili sambamba, na alteneta ya gari la pili juu yake, na stata ikajivuta vilevile. Kwa jaribio hilo peke yake, kabla mita haijatoka kwenye sanduku, betri ilikuwa imeshatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Nashangaa jaribio hili halifanywi mara nyingi zaidi. Halina gharama, na linataka tu mtu akubali kuhamisha spika.

Waya mweusi ambao hakuna aliyeuhesabu

Injini imekaa juu ya mipira. Mauntingi zinazoizuia isitikise gari ndizo hizo hizo zinazoizuia isigusane na bodi kwa umeme. Stata nayo imefungwa kwenye injini na gia boksi, na hasi yake ni chuma chake chenyewe. Kwa hiyo kila ampia inayoingia kwa waya mwekundu lazima itoke kupitia chuma cha injini na kutafuta njia ya kurudi kwenye hasi ya betri.

Betri ikiwa mbele, njia hiyo ipo tayari: waya mnene mweusi kutoka hasi hadi kwenye injini, na tawi dogo kwenda kwenye bodi. Betri ilipohama, waya ule uliondolewa pamoja nayo kwa sababu haukuwa na pa kushika tena. Kule nyuma wakaweka waya mfupi kutoka hasi hadi kwenye bati la buti. Waya mwekundu ulinunuliwa, ukapimwa urefu, ukapitishwa chini ya kapeti kwa uangalifu kabisa. Kwa mweusi, mtu alisema "athi ni bodi" na kazi ikaisha. Ni kweli, athi ni bodi. Lakini stata haiko kwenye bodi, iko kwenye injini. Kilichobaki kuunganisha injini na bodi kilikuwa utepe mmoja wa nyuzi zilizosukwa, kutoka nyuma ya kichwa cha silinda hadi ukuta wa injini, pamoja na athi ndogondogo za kompyuta na sensa. Utepe ule kazi yake ni kutuliza makelele ya umeme. Haukutengenezwa kubeba stata.

Kupima kila kipande cha njia

Betri ililala kwenye chaja usiku kucha kwanza, maana kupima mfumo kwa betri iliyo nusu ni kujitafutia majibu ya uongo. Ilikuwa imefika ikisoma volti 12.3, na hilo nitalirudia. Asubuhi, ikiwa imetulia, ilisoma 12.6, ambayo ni betri iliyojaa. Nikachomoa fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kunyunyiza mafuta, ili injini izunguke bila kuwaka, nikaweka mita ya kubana, inayosoma ampia kwa kuukumbatia waya, kwenye waya mwekundu, na msaidizi akawa anapiga stata sekunde tano tano, akiipumzisha katikati.

Ampia 140. Kwenye nguzo za betri, volti 11.1. Kwenye stata, ncha moja ya mita ikiwa kwenye nati yake nene na nyingine kwenye chuma chake, volti 7.9. Yaani volti 3.2 zimeishia njiani. Zidisha hizo kwa ampia 140 utapata karibu wati 450 zinazopasha moto waya na bolti badala ya kuzungusha injini.

Kujua kwamba zinapotea ni hatua ya kwanza tu. Uzuri wa mita ni kwamba inakuambia zinapotelea wapi. Inabaki kwenye volti za DC. Ncha nyekundu inagusa nguzo chanya ya betri, ile risasi yenyewe wala si kibanio, na nyeusi inagusa nati ya stata. Stata ikiwa imetulia mita inasoma sifuri. Ikipigwa, kinachosomeka ndicho kinacholiwa na upande mwekundu wote: waya, lagi (vichwa vya chuma kwenye ncha za waya), vibanio. Ilisoma 1.2. Kisha upande wa pili, kutoka nguzo hasi hadi chuma tupu cha injini: 2.0. Jumla yake ni zile zile 3.2, kwa hiyo hakuna kilichojificha mahali pengine.

Kipimo ninachokifuata ni kwamba upande mwekundu usile zaidi ya nusu volti, na mweusi usizidi 0.3. Pande zote mbili zilikuwa zimevuka mpaka, lakini mwizi mkubwa alikuwa ule mweusi ambao hakuna aliyeutilia shaka. Nikaugawa vipande. Nguzo hasi hadi bati la buti, sentimita chache tu kutoka kwenye sukurubu ya athi: 0.7. Bati la buti hadi chuma cha ukuta wa injini: 0.2. Ukuta wa injini hadi injini yenyewe: 1.1.

Tazama hiyo 0.2. Ni karibu urefu wote wa gari, na ni chuma, ambacho kinapitisha umeme vibaya kuliko shaba mara kadhaa. Lakini bodi ni pana kiasi kwamba upotevu wake ni mdogo kuliko wa sukurubu moja. Ndiyo maana sikubaliani sana na wanaoshikilia kwamba lazima uvute waya mweusi kutoka buti hadi mbele. Kwenye bodi iliyoliwa na kutu au iliyojazwa putii, sawa, vuta. Kwenye bodi nzima, fedha hizo zipeleke kwenye maungio.

Fundi aliyetangulia naye alikuwa amepima waya hizi, ila kwa mlio. Mita ikapiga "piii", akaridhika. Tatizo la mlio ni kwamba upinzani wote tuliokuwa tunautafuta, kwenda na kurudi, ni omu 0.023. Nyaya za mita peke yake zina karibu omu 0.2. Waya mnene ukikatika nyuzi zake zote ukabaki na mmoja, mita bado italia kwa furaha. Hitilafu ya aina hii haionekani mpaka ampia nyingi zipite, kwa hiyo lazima stata ipigwe ndipo upime.

Kwa nini mchana ndiyo ligome? Betri haihusiki sana, kwa sababu betri yenyewe hupenda joto kuliko baridi. Shaba ndiyo hubadilika: kila nyuzi joto moja inayopanda, upinzani wake unaongezeka kwa karibu asilimia 0.4. Stata iliyokaa kando ya injini ya turbo baada ya foleni ikipanda nyuzi 50, koili zake zimeongeza upinzani kwa asilimia 20. Asubuhi solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, inamudu kushika kwa volti kidogo. Mchana haimudu tena. Inavuta, mguso unafunga, stata inadai ampia zake, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Huo ndio mlio wa tak-tak-tak.

Vilivyokutwa

Waya mwekundu ulikuwa wa muziki, ule wenye ganda nene linalong'aa, umeandikwa "4 gauge". Kwa macho unaonekana mnene kuliko wa betri. Nilipochuna uzi mmoja kwa wembe, juu ulikuwa na rangi ya shaba, ndani ni mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa namba 4 una milimita za mraba 21. Ungekuwa shaba tupu, mita 5.5 zingekuwa na omu 0.0045. Kwa alumini ya aina ile inafika 0.007 hivi, na kwa ampia 140 hiyo ni volti moja nzima. Kilichobaki kilikuwa kwenye lagi, ambazo zilikuwa zimepondwa kwa nyundo hadi zikakaa bapa upande mmoja na wazi upande wa pili. Waya uliweza kuzungushwa kwa vidole ndani yake.

Athi ya buti ilikuwa sukurubu ya kujitoboa kwenye bati la shimo la tairi la akiba. Rangi ya kiwandani chini ya lagi ilikuwa haijakwanguliwa hata kidogo, hivyo ampia 140 zilikuwa zinapita kwenye meno ya sukurubu peke yake. Na ule utepe wa nyuma ya injini, karibu nusu ya nyuzi zake zilikuwa zimekatika, na waya wa athi wa jirani yake ganda limegeuka kahawia kwa joto. Huo wa jirani ni wa kompyuta. Kuendelea kupiga stata kwa hali ile kungeleta siku moja gharama ambayo stata na betri zote mbili zisingeifikia.

Matengenezo

Waya mpya ni wa mashine ya kuchomelea, shaba tupu, milimita za mraba 50, wa kununua kwa mita pale Gerezani, Kariakoo. Ni laini, unapinda vizuri chini ya kapeti. Chunguza kwa wembe kabla hujalipa, maana hata wa kuchomelea siku hizi upo wa alumini. Lagi zikabanwa kwa mashine ya haidroliki.

Nyuma, sukurubu ikatupwa. Tulitoboa mahali penye chuma kinene, pembeni kwenye reli ya chasisi, tukakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, bolti ya milimita 10 ikapita na wosha yenye meno, na baada ya kukaza ndipo grisi ikapakwa juu kuzuia kutu. Mbele, waya wa milimita za mraba 50 ukatoka kwenye bolti ya gia boksi jirani na stata hadi kwenye reli ya chasisi, ukiachiwa ulegevu wa kutosha kwa sababu injini ile ikikanyagwa inainama. Utepe wa nyuma ya injini ukabadilishwa pia.

Tukapima upya kwa utaratibu ule ule. Nyekundu 0.4, nyeusi 0.3. Betri 10.9, stata 10.2, ampia 155. Watu wengi hutarajia ampia ziruke sana, lakini nguvu ya kusukuma pistoni haikubadilika, na ampia hufuata nguvu hiyo. Volti ndizo zinazoleta mwendo. Kutoka 7.9 hadi 10.2 stata ilikuwa kama ya gari jingine, na fyuzi ya EFI iliporudishwa injini iliwaka kabla msaidizi hajamaliza kuzungusha funguo.

Zile volti 12.3

Betri mpya ilifika ikiwa imechajiwa zaidi kidogo ya nusu, na hilo lingeweza kumfanya mtu aseme alteneta haichaji. Alteneta ilikuwa inatoa 14.1 kwenye nati yake. Kwenye nguzo za betri, kabla ya matengenezo, muziki ukiwa umewashwa, zilifika 13.3. Njia ile ile mbovu inayoibia stata ndiyo inayoibia chaji: kwa ampia 35 zinazokwenda nyuma kwa betri na amplifaya, omu 0.023 zinakula volti 0.8. Kwa safari fupifupi za mjini, betri haijai kamwe. Ndiyo maana betri ya kwanza ilionekana mbovu, na ya pili ingefuata. Baada ya kazi, nguzo za betri zilisoma 13.9 kwa mzigo ule ule. Alteneta za Toyota zina waya mdogo wa kupima volti, wa alama S, na ungeweza kuvutwa hadi kwenye betri nyuma ili alteneta ifidie upotevu. Hapa haukuhitajika, na sipendi kuutumia kuficha waya mbovu.

Mwenye gari alikuwa amefikiria kununua betri kubwa zaidi, N70, ili "iwe na nguvu". Betri kubwa ingeanza na volti za juu kidogo chini ya mzigo, labda kwa nusu volti, na gari lingewaka vizuri kwa muda. Kisha utepe ule ungeendelea kukatika uzi mmoja mmoja.

Kilichoongezwa bila kuombwa

Waya mwekundu wa awali ulipita kwenye tundu la ukuta wa injini bila mpira wa kuzuia, na ganda lilikuwa limeanza kukatwa na bati. Haukuwa na fyuzi. Bati likifika kwenye waya wenyewe, betri itatoa mamia ya ampia bila kizuizi, chini ya kapeti, huku tangi la mafuta likiwa nyuma. BMW walilifikiria hili hadi wakaweka kibanio chenye baruti kidogo kinachokata waya wa stata wakati wa ajali. Sisi tuliweka fyuzi ya ampia 250, kiganja kimoja kutoka kwenye betri, na mpira kwenye tundu. Mwenye gari alisita kwa bei ya fyuzi. Kwenye jambo hili sikukubali kuachia gari bila hiyo.

Betri ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mpira, na ni ya maji, yenye vifuniko. Ikichajiwa inatoa haidrojeni, na gesi hiyo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche. Kwenye boneti inapeperuka. Kwenye buti iliyofungwa inabaki. Mazda waliipa betri ya MX-5 mirija ya kutolea gesi nje. Hapa tuliiweka kwenye boksi lenye mrija unaotoka chini ya gari na ukanda wa chuma wa kuishikilia, maana kilo 15 za betri kwenye breki kali hazishikwi na kamba ya mpira.

Kama gari lako lina dalili hizi na vipimo vya pande zote mbili viko sawa, basi waya mnene hauna kosa na "tak" inatoka kwingine. Pima waya mdogo wa kuamsha solenoidi wakati funguo iko kwenye kuwasha. Ukisoma chini ya volti 9 hivi huku betri ikiwa juu ya 11, umeme unapotelea kwenye swichi ya funguo au ile ya gia ya P na N, na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) karibu na stata inamaliza shida. Kwenye Mark II hii ulisoma 10.1 baada ya athi kutengenezwa, kwa hiyo rilei niliyokuwa nimeiandaa ilirudi kwenye droo.